Kabla Kijiji Hakijatenga Ardhi ya Wanyamapori

Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa kujadili kujiunga na Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori, ile ambayo wengi huiita WMA, usibaki nyumbani. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na halmashauri ya kijiji haiwezi kuamua jambo hili bila ridhaa ya mkutano huo.

Utaratibu wenyewe ulitokana na Sera ya Wanyamapori ya Tanzania ya 1998, na leo uko chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Vijiji jirani hutenga sehemu ya ardhi yao, huunda jumuiya, huingia mkataba na wawekezaji wa utalii au uwindaji, kisha hugawana mapato. Ardhi hubaki ya kijiji. Ila kulima na kuchunga humo kutategemea mpango wa matumizi ya ardhi mliouidhinisha wenyewe.

Kwa hiyo gombaneni juu ya ramani kabla ya kushangilia ahadi ya zahanati. Msiridhike na karatasi iliyobandikwa ofisini. Ipitieni mipaka kwa miguu, pamoja na wafugaji na akina mama wanaotafuta kuni. Malisho ya kiangazi yako wapi? Ng'ombe watapita wapi kwenda majini? WMA ya Burunge, wilayani Babati, inalinda ushoroba kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, na watalii wake huleta fedha. Hata hivyo wakazi wa Minjingu walilalamika kwamba kijiji chao kiliingizwa humo bila kuridhia, na mgogoro ukaendelea kwa miaka.

Upande wa fedha, ulizeni kijiji kitabakiwa na nini baada ya fungu la serikali na gharama za jumuiya, zikiwemo za askari wa wanyamapori. Hesabu hizo zisomwe mkutanoni.

Wanyama wakilindwa vizuri, tembo nao watafika mashambani. Usiwafukuze peke yako usiku. Asubuhi mwarifu mtendaji wa kijiji, piga picha, acha uharibifu ulivyo mpaka ofisa wanyamapori aufanyie tathmini. Kifuta jasho cha serikali kipo, lakini usikitegemee kifidie mavuno: kanuni zake za 2011 ziliweka kikomo cha eka 5, hata kama shamba ni kubwa zaidi.

Na siku ya uamuzi, mtendaji asome muhtasari kwa sauti kabla watu hawajatawanyika. Orodha ya mahudhurio iambatanishwe, na masharti mliyoyatoa yaandikwe humo moja baada ya jingine.