Ubongo Uliozoea Kilevi: Pombe na Bangi

Mgonjwa amelazwa wodi ya mifupa kwa kuvunjika paja. Siku ya kwanza ametulia. Siku ya pili mikono inatetemeka na jasho linamtoka. Usiku wa siku ya tatu anafukuza wadudu ambao hakuna mwingine awaonaye. Ndugu wananong'ona kuwa amerogwa, muuguzi wa zamu anadhani ni malaria iliyopanda kichwani. Hakuna aliyemwuliza kama hunywa pombe, kiasi gani, na lini alikunywa mara ya mwisho.

Ubongo huishi kwa mizani ya kemikali mbili: GABA, inayotuliza neva, na glutamati, inayozichangamsha. Pombe huitia nguvu GABA na kuidhoofisha glutamati. Ndiyo maana ulimi wa mnywaji huwa mzito na miguu ikayumba. Anywapo kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha: mwitikio kwa GABA hupungua, vipokezi vya glutamati huongezeka. Pombe ikikatika ghafla, breki imeondolewa ilhali mtambo ungali ukivuma. Kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24, degedege mara nyingi ndani ya saa 48, na kuweweseka kunakoweza kuua hufuata kati ya siku ya pili na ya nne. Kuzimua asubuhi, jambo ambalo watu hulifanyia mzaha, mara nyingi ni tiba anayojipa mtu asiyejua kuwa anaumwa.

Kwa hiyo, ndugu wa mgonjwa, msimfungie chumbani mnywaji wa kila siku ili pombe imtoke. Mleteni hospitali. Nanyi wahudumu wenzangu, diazepamu hutolewa kwa dozi inayopunguzwa kidogo kidogo. Na thiamini, yaani vitamini B1, itangulie dripu ya glukosi, kwani glukosi humaliza akiba ndogo ya vitamini hiyo iliyosalia, na kumbukumbu yaweza kupotea isirudi. Sukari ikiwa imeshuka, hata hivyo, glukosi isicheleweshwe.

Bangi hupita njia nyingine. Kiini chake, THC, hukaa kwenye vipokezi vya CB1, vilivyojaa katika maeneo ya kumbukumbu na ya uwiano wa mwili, lakini vichache katika shina la ubongo linalosimamia pumzi. Kwa sababu hiyo bangi haizimi pumzi kama heroini, na wavutaji wamelifanya jambo hili ushahidi kwamba haina uraibu. Sivyo. Mvutaji wa kila siku akiacha, hukosa usingizi na hamu ya chakula, hasira zikawa karibu, kwa wiki moja au mbili. Nimhofiaye zaidi ni kijana wa miaka 15, ambaye ubongo wake utaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, hasa kama ukoo wake una historia ya ugonjwa wa akili.

Vilevi hivi hukutana kwenye dopamini, kemikali inayoufunza ubongo nini cha kurudia. Funzo hilo hubaki baada ya kutetemeka kukoma. Aliyeacha kwa miezi sita anaweza kupita karibu na kijiwe chake cha zamani, akasikia harufu, na hamu ikamrudia nzima. Anaporudi kliniki akiwa amekunywa tena, apokewe kama apokewavyo mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imempanda.