Jiwe la Kusagia na Nakala ya Mfalme

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Mithali 26:13–16, Kumbukumbu la Torati 24:6, Mhubiri 10:10, Kumbukumbu la Torati 17:18–20, 2 Mambo ya Nyakati 26:14–16.

Fungu la Kukariri: Zaburi 119:11.

Husemwa mara nyingi, hasa na wazee, kwamba vifaa vya siku hizi vimewafanya watu kuwa wavivu. Kijana hawezi kujumlisha bei ya vitu vitatu dukani bila simu. Mtu anapanda bodaboda kwenda mahali ambapo zamani angetembea kwa robo saa. Lalamiko hili lina ukweli ndani yake, lakini kabla ya kulikubali lote ni vema kuiuliza Biblia uvivu ni nini.

Soma Mithali 26:13–16. Ni dalili gani za uvivu zinazotajwa hapa?

Mvivu huyu hakuwa na simu wala mashine. Alikuwa na kitanda, sahani, na kisingizio cha simba njiani. Hata kuurudisha mkono kinywani kulimchosha. Uvivu wake ulitoka moyoni, nao ungejipatia kisingizio chochote kilichokuwa karibu.

Sasa soma Kumbukumbu la Torati 24:6. Kwa nini Mungu alikataza jiwe la kusagia lisichukuliwe rehani?

Bila jiwe hilo nyumba isingekuwa na mkate. Kusaga kulikuwa kazi ya kila siku, ya magoti na mgongo, na mara nyingi waliachiwa wajakazi (Kutoka 11:5). Samsoni, akiwa kipofu na mfungwa, aliwekwa kusaga gerezani (Waamuzi 16:21). Mungu alililinda jiwe kwa sababu ya uhai wa maskini, na hakuna mahali Maandiko yanapodai kwamba taabu ile idumu ili kuwakomaza watu. Mashine za kusaga zilipofika vijijini, wapo waliosema kwamba wanawake sasa watakuwa wavivu. Kwa kawaida waliosema hivyo hawakuwa wale walioshika mchi. Mhubiri 10:10 inazungumzia chuma butu: asiyekinoa atalazimika kuongeza nguvu, na mwenye hekima hafanyi hivyo. Kupunguza jasho, basi, si dhambi.

Lakini ipo kazi ya namna nyingine. Soma Kumbukumbu la Torati 17:18–20. Mfalme aliagizwa kufanya nini, na kwa kusudi gani?

Wafalme walikuwa na waandishi. Daudi alikuwa naye Seraya (2 Samweli 8:17). Ingekuwa rahisi kuagiza nakala nzuri ya torati na kuiweka ikulu. Hata hivyo agizo linasema mfalme ajiandikie. Neno moja baada ya jingine, kwa mkono uleule unaotia muhuri hukumu za watu. Kisha asome siku zote za maisha yake, apate kujifunza kumcha Bwana, moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Hapa polepole ya kazi ndiyo faida yake. Mtu mwingine angeweza kumletea maandishi, lakini asingeweza kujifunza kwa niaba yake.

Mzee mmoja wa kanisa aliitwa usiku kumwombea mama aliyekuwa mahututi wodini. Umeme ulikuwa umekatika, na simu yake, ambayo ndiyo ilikuwa Biblia yake kwa miaka kadhaa, ikazimika alipokuwa akitafuta Zaburi ya 23. Alianza kwa kichwa akakwama katikati. Mgonjwa, ambaye hakuwahi kujua kusoma, akaendelea pale alipokwama, kwa sauti ya chini, hadi mwisho. Mzee akawa anamfuatisha.

Simu haikuwa na kosa. Simu hiyohiyo humkuzia herufi mwenye macho dhaifu na kumsomea Neno asiyeona, na tunapaswa kumshukuru Mungu kwa hilo. Jambo la kujiuliza ni kile ambacho mzee aliacha kukifanya kwa kuwa simu ilikuwepo.

Katika madarasa ya Shule ya Sabato hatari hii imesogea karibu zaidi. Mshiriki hajafungua lesoni juma zima. Sabato asubuhi, akiwa ndani ya daladala, anaiuliza akili mnemba swali la Jumanne, kisha darasani anasoma jibu lililonyooka kuliko ya wote. Watu wanasema amina. Huenda jibu ni sahihi kabisa, ila halijapita ndani ya mtu yeyote.

Ellen White, katika kitabu chake *Education* cha mwaka 1903, alitenga sura nzima kwa ajili ya mafunzo ya kazi za mikono. Aliona kazi ya mwili kuwa sehemu ya elimu yenyewe, pamoja na kujifunza vitabuni.

Maswali ya Kujadili:

1. Mitambo ya Uzia ilibuniwa na mastadi (2 Mambo ya Nyakati 26:15). Je, fungu la 16 linasema anguko lake lilitoka wapi?

2. Katika nyumba yako, ni kazi gani iliyochukuliwa na kifaa ikakuachia muda? Muda huo sasa unatumika wapi?

3. Simu zote darasani zikizimwa sasa hivi, ni mafungu mangapi mnayoweza kusomeana kwa moyo? Jaribuni kabla ya kuendelea.