Nchi ya Marangu

Marangu ni nchi ya Wachaga, nayo iko ubavuni mwa Kilimanjaro, upande wa kusini-mashariki. Mtu akiamka mapema, kabla ya mawingu kupanda, hukiona kilele cha Kibo na barafu yake. Barafu hiyo imepungua sana: katika ile iliyokuwako mwaka 1912, zaidi ya sehemu nane katika kumi zimekwisha kuyeyuka.

Wengi hudhani kwamba maji ya Marangu yatoka barafuni. Sivyo. Mengi yatoka msituni, ndiko mvua inyeshako sana. Wazee wa kale waliyaongoza maji hayo kwa mifereji iitwayo mifongo. Hawakuwa na vyombo vya kupimia, walitumia macho yao tu, hata maji yakazunguka kilima na kufika katika vihamba, yaani mashamba ya migomba yaliyozunguka nyumba. Mimi nastaajabia kazi hii kuliko mlima wenyewe. Wenye mfongo hugawana maji kwa zamu, na siku ya kuusafisha wote huitwa. Asiyekuja hutozwa faini.

Lakini je, mtu akiiba zamu ya mwenziwe? Wakati wa jua kali migomba hukauka, na ugomvi wa maji ni mchungu kabisa. Hapo mkosaji hutwaa jani la sale, mmea ule ule upandwao mipakani mwa vihamba, akampelekea aliyemkosea. Kwa desturi ya Wachaga, ni vigumu mno kulikataa jani hilo.

Basi, wageni waja Marangu kwa ajili ya kupanda mlima. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Na kijana wa Marangu, Kinyala Lauwo, husemwa kuwa alikuwa miongoni mwa waliowaongoza njiani. Kilele kina kimo cha mita 5,895. Njiani wapandaji hulala Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo. Huko juu hewa ni nyepesi. Aendaye mbio huumwa kichwa, akatapika, hata huweza kufa. Kwa hiyo waongozi husema, “Pole pole,” tangu langoni. Naye aliyezidiwa hangojewi mpaka kupambazuke. Hushushwa usiku ule ule, hata kama kilele kimekaribia.