Je, Umeokoka? Jibu la Kijana Mkatoliki



Mpendwa kijana, swali hili huenda umeshaulizwa kwenye daladala au hosteli: "Umeokoka? Ukifa leo unaenda mbinguni?" Wengi wetu tunabadilisha mada. Leo tujifunze kujibu.

Mwaka 1431, huko Rouen, Ufaransa, Mt. Yoana wa Arc, binti wa miaka kama 19, aliulizwa mahakamani kama yumo katika neema ya Mungu. Ulikuwa mtego: akisema ndiyo, anajikweza, akisema hapana, amejihukumu. Akajibu kwamba kama hayumo, Mungu amtie. Na kama yumo, Mungu amtunze humo.

Umeona? Hakujipima mwenyewe, alimtazama Mungu. Mtaguso wa Trento (1547) unafundisha vivyo hivyo: hakuna anayeweza kujua kwa uhakika wa imani kwamba amepata neema, ila asiwepo wa kutilia shaka huruma ya Mungu, mastahili ya Kristo na nguvu ya sakramenti. Udhaifu uko upande wetu, si upande wake.

Basi kuna mashimo mawili ya kukwepa.

1. Kujiaminisha. "Mimi nimeshamaliza, sina la kutubu." Mt. Paulo anaonya kuwa anayedhani amesimama aangalie asianguke (1Kor 10:12).

2. Kukata tamaa. Yuda na Petro walianguka usiku uleule. Yuda naye alijuta, hata fedha akazirudisha (Mt 27:3-5), lakini majuto yake hayakumrudisha kwa Yesu. Petro alilia, akabaki na wenzake, na Bwana mfufuka akamuuliza mara tatu kama anampenda (Yn 21:15-17). Toba ni kujuta na kurudi.

"Lakini mimi silii, naogopa tu moto." Usijali. Hayo yanaitwa majuto yasiyo kamili, na Kanisa linayapokea kama zawadi ya Mungu. Chunguza dhamiri, kusudia kuacha, nenda kaungame, timiza malipizi. Padre akishatamka maondoleo, usiendelee kujihukumu.

Kwa hiyo ukiulizwa tena, jibu kwa amani: "Niliokolewa katika ubatizo, naendelea kuokolewa kila ninapotubu, na natumaini kuokolewa mwisho, kwa sababu Mungu ni mwaminifu."

Tafakari: Ni lini mara ya mwisho uliungama? Nini kinakuzuia Jumamosi hii?

Tuombe: Bwana, kama niko mbali nawe, nirudishe, kama niko nawe, nishike. Amina.