Farumi ya Nyambizi: Kupima Tangi la Modeli kwa Lugha ya Kiswahili

Utangulizi

Mara kwa mara hudaiwa kwamba Kiswahili hakijakomaa kiasi cha kubeba sayansi. Jibu ambalo wapenzi wa lugha huwa tayari kulitoa ni orodha ya istilahi. Orodha hizo zina umuhimu wake, na kazi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 haiwezi kubezwa. Hata hivyo, istilahi pekee hazitoshi. Lugha hupimwa pale inapotakiwa kueleza kwa nini kitu fulani kiwe na ukubwa huu wala si ule, na maelezo yakikosewa hasara ionekane. Makala haya yanachukua chombo kimoja kidogo, modeli ya nyambizi inayoongozwa kwa redio, na swali moja tu: je, tangi lake la farumi liwe na ujazo gani? Mwundaji akilikosea jibu, modeli yake ama itakataa kushuka, ama itashuka isiibuke tena.

Farumi ya jahazi na farumi ya nyambizi

Farumi ni neno la mabaharia. Ni mzigo mzito, aghalabu mawe au mchanga, unaowekwa chini ndani ya jahazi lisilokuwa na shehena ili lisiyumbe wala kupinduka. Farumi hiyo ikishatiwa, chombo husafiri nayo hadi kitakapopata shehena.

Katika nyambizi zipo farumi za aina mbili. Ya kwanza ni ile ile ya jahazi: vipande vya risasi vinavyopangwa chini, juu ya mkuku, ili chombo kisimame wima. Hii yaweza kuitwa farumi ya kudumu. Ya pili ni maji yenyewe, yanayoingizwa katika tangi chombo kinapotaka kushuka na kutolewa kinapotaka kupanda. Hii ni farumi ya maji. Mtu anayezichanganya hizi mbili hawezi kupima tangi sawasawa, kwa kuwa ya kwanza hutafuta utulivu ilhali ya pili hubadilisha uzito.

Zipo modeli zisizo na farumi ya maji kabisa. Hizo huelea daima, na hushuka tu kwa kwenda mbele kwa kasi huku mapezi yake yakiinamishwa. Rafadha ikisimama, zinaibuka zenyewe. Modeli yenye tangi huweza kushuka ikiwa imesimama pale pale, na kutulia kati ya maji. Uwezo huo ndio unaodai hesabu.

Kanuni na mfano wake

Msingi wa hesabu ni kanuni ya Archimedes wa Sirakusa, aliyeishi katika karne ya 3 K.K. Kitu kilichomo majini husukumwa juu kwa kani iliyo sawa na uzito wa maji yaliyohamishwa na kitu hicho. Kitu kinachoelea huhamisha maji yenye tungamo sawa na tungamo yake. Kitu kilichofunikwa chote na maji huhamisha maji yenye ujazo sawa na ujazo wake wote.

Ichukuliwe modeli iliyofungwa kabisa, ambayo mwili wake una ujazo wa sentimita 5,000 za ujazo. Inapoelea, sehemu yenye sentimita 600 za ujazo hubaki juu ya maji: sitaha, mnara na kipande cha mgongo. Sehemu iliyo chini ya maji basi ni sentimita 4,400 za ujazo. Kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji baridi ina tungamo ya takriban gramu 1, tungamo ya modeli ni gramu 4,400. Ili itulie chini ya maji pasipo kupanda wala kushuka, ni sharti iwe na gramu 5,000. Upungufu ni gramu 600, nao utajazwa na maji yatakayoingia tangini.

Kutokana na mfano huu hupatikana kanuni fupi: ujazo wa tangi ni sawa na ujazo wa sehemu zinazobaki juu ya maji chombo kinapoelea. Ukubwa wa chombo kizima hautoi jibu, wala urefu wake. Tangi likiwa dogo kuliko kipimo hicho, mwundaji hulazimika kuongeza risasi, na modeli huelea chini mno, sitaha yake ikilambwa na maji. Likiwa kubwa kupita kiasi na likajazwa lote, modeli huwa nzito kuliko maji iliyoyahamisha, nayo hwenda chini mpaka iguse sakafu ya bwawa. Ziada ndogo yafaa iwapo tangi ni la pistoni, linalofanya kazi kama bomba la sindano, kwani pistoni huweza kusimamishwa popote. Tangi ambalo ama hujaa lote ama huwa tupu halina nafasi hiyo. Kwa tangi la namna hiyo, farumi ya kudumu hurekebishwa kwa gramu chache hadi ncha ya mnara tu ibaki ikichungulia.

Kutoka chombo halisi hadi modeli

Waundaji wengi huiga vyombo vya kihistoria. Nyambizi ya Kijerumani ya aina ya VIIC, iliyotumika katika Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na urefu wa mita 67.1. Ilipoelea ilihamisha maji ya tani 769, na ilipokuwa chini ya maji tani 871. Tofauti ni tani 102. Modeli yake ya kipimo cha 1:72 huwa na urefu wa takriban sentimita 93. Je, tangi lake lichukue kiasi gani?

Anayegawanya 102 kwa 72 atapata zaidi ya tani moja, jibu ambalo akili yenyewe hulikataa. Urefu hugawanywa kwa 72 mara moja, eneo mara mbili, na ujazo mara tatu. Basi tani 102 hugawanywa kwa 373,248, na jibu huwa takriban gramu 273. Tangi la karibu sentimita 270 za ujazo, lisilofikia hata theluthi moja ya lita, linatosha kuwa kianzio cha hesabu.

Ni kianzio tu, kwa sababu gamba la nje la modeli nyingi hutobolewa ili maji yaingie na kutoka kwa hiari yake. Mota, betri na kipokezi cha redio hukaa ndani ya silinda isiyopenya maji. Maji yaliyojaa chini ya gamba si farumi: chombo kinapoibuka hutiririka nje. Katika modeli ya namna hii kinachohesabiwa juu ya mstari wa maji ni unene wa gamba wala si nafasi iliyofunikwa nalo. Mathalani, sitaha na mnara vyenye eneo la sentimita 1,000 za mraba na unene wa milimita 2 vina ujazo wa sentimita 200 tu za ujazo, hata kama vinafunika nafasi ya lita nzima. Silinda ikiwa chini ya mstari wa maji wakati wote, tangi la sentimita 200 za ujazo litatosha. Mwundaji aliyepima nafasi badala ya gamba angetengeneza tangi la ukubwa usiohitajika, akakosa mahali pa kuweka betri.

Mahali pa tangi na aina ya maji

Ujazo sahihi hausaidii iwapo tangi limewekwa mahali pasipofaa. Kitovu cha tangi hupaswa kuwa chini ya kitovu cha ujazo ule unaobaki juu ya maji. Likisogezwa mbele, omo huinama na tezi huinuka; likisogezwa nyuma, mambo hugeuka. Aidha, maji katika tangi lililojaa nusu hukimbilia upande uliokwisha kuinama na kuzidisha mwinamo. Nahodha wa jahazi huliepuka jambo hilo hilo anapohakikisha kuwa farumi yake haitembei. Kwa hiyo tangi fupi ni bora kuliko refu, na refu hugawanywa kwa viambaza.

Maji nayo hayafanani. Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5 kuliko maji baridi. Modeli ya mfano wa kwanza, ikipelekwa baharini, itahitaji tungamo ya gramu 5,125. Ikijaza tangi lake kwa maji ya chumvi itapata gramu 5,015 tu. Itapungukiwa na gramu 110, na itakataa kushuka hadi ipewe risasi ya kiasi hicho ndani ya mwili wake. Hata ikishuka, kuna kikwazo kingine: maji ya chumvi huyazuia mawimbi ya redio. Kwenye maji baridi masafa ya zamani, kama vile megahezi 27, 40 na 75, hupenya vya kutosha, ilhali masafa mapya ya gigahezi 2.4 humezwa upesi. Ndiyo maana modeli hizi huendeshwa zaidi katika mabwawa na maziwa, na wapenzi wake huzitunza redio za mtindo wa zamani.

Lugha katika hesabu hii

Somo hili linafichua mambo mawili ya kilugha. Kwanza, neno kuzama katika mazungumzo ya kila siku hubeba maana mbili: kushuka kwa kukusudia na kuangamia. Kwa mwundaji wa nyambizi hizo ni hali zinazopingana. Afadhali kupiga mbizi litumike kwa ile ya kwanza, hasa kwa vile neno nyambizi lenyewe linasikika likiwa na mbizi ndani yake, na kuzama liachiwe ajali. Hali ya tatu, ambapo chombo hakipandi wala hakishuki, yaweza kuitwa kutulia kati ya maji. Pili, uzito, tungamo, ujazo na ukubwa si visawe. Sokoni mtu husema "kikubwa" akimaanisha "kizito" na akaeleweka. Kwenye tangi la farumi, kosa hilo hulipiwa kwa chombo kizima.

Hitimisho

Imebainika kuwa hesabu ya tangi la farumi huelezeka kwa Kiswahili tangu kanuni hadi gramu ya mwisho. Maneno mengi yaliyohitajika, kama farumi, mkuku, omo, tezi na sitaha, yalikuwa tayari vinywani mwa mabaharia. Machache, kama vile pistoni na megahezi, yamekopwa bila kuleta utata. Kilichodaiwa zaidi ni uangalifu wa kulitenga neno na jirani yake. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeacha sayansi iwe ya wengine huziacha nyenzo hizo pwani, kisha akalalamika kuwa chombo hakiendi.