Jicho la Dereva: Somo la Sayansi kwa Darasa la Tano

Yapo mafunzo ambayo watoto huyakariri vyema darasani na kuyasahau wafikapo barabarani. Mtoto hutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, halafu huvuka akiamini kwamba maadam yeye ameliona gari, dereva naye amemwona. Imani hiyo huua, nasi hatuna budi kuing'oa.

Msingi wa somo

Jicho huona barabara sehemu ndogo tu, kiasi cha upana wa kidole gumba mkono ukinyooshwa mbele. Pembeni mwa hapo hutambua mwendo kuliko umbo. Mwaka 1972 Mourant na Rockwell, watafiti wa Marekani, walichapisha uchunguzi uliofuatilia macho ya madereva kwa kamera. Madereva wapya walitazama karibu na gari lao, na vioo mara chache; wazoefu walitazama mbali zaidi. Hata hivyo, kamera huonyesha jicho lilikoelekea, si kile akili ilichotambua.

Zana

Kadi za rangi zenye herufi kubwa, na chaki.

Hatua

1. Mtoto wa kwanza aketi, akaze macho kwenye alama ukutani.
2. Wa pili aanzie nyuma ya bega lake, alete kadi mbele polepole kwa nusu duara, akiitikisa.
3. Aliyeketi aseme aonapo kitu, kisha ataje rangi, kisha asome herufi. Kila mara sakafu itiwe alama.
4. Zoezi lirudiwe kwa kadi nyingine isiyotikiswa.

Tulipofundisha somo hili mara ya kwanza, mtoto aligeuza macho kwa siri, akasoma herufi mapema, na darasa likafikia jibu la uongo. Tangu hapo tunamweka mtoto wa tatu mbele, ayachunge macho ya mwenzake. Yeye ndiye kamera yetu.

Hitimisho

Mwalimu aulize: "Dereva akikazia macho lori lililo mbele yake, nawe umesimama kando, anakuona kama herufi au kama kitu tu?" Asitoe jibu upesi. Kisha wakokotoe: gari liendalo kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Watoto wenyewe watasema kwamba yafaa kungoja mpaka gari lisimame au lipite.

Nasi walimu tujipime. Mwalimu mpya hukazia macho andalio lake, na mtoto wa dawati la nyuma hubaki pembeni mwa jicho.