SOMO: TUCHAGUE NJIA GANI YA HUDUMA KWA SIMU?

Siku hizi vikundi vingi hutembelewa na fundi wa kompyuta. Anasema, "Nitawatengenezea programu ya simu ya kikundi chenu." Kisha anataja bei. Je, tukubali? Kabla ya kutoa fedha za wanachama, hebu tuzijue njia zilizopo.

Tuchukue mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa cha watu 30 huko Uchindile, kwenye reli ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako. Kila mwanachama anataka kujua akiba yake bila kumfuata mweka hazina nyumbani. Watu 22 wana simu za kitochi. Wanane tu wana simu janja.

1. Meseji. Inaingia kwenye simu yoyote. Meseji moja huchukua herufi 160. Simu ikiwa imezimwa, ujumbe husubiri, kisha huingia simu ikiwashwa. Tena unabaki kwenye simu, unaweza kuuonyesha mkutanoni. Kasoro yake: mtu akituma neno aliloliandika vibaya, huenda kompyuta isimwelewe.

2. Menyu ya nyota na reli. Hii tumeizoea. Ukibonyeza *150*00# unapata M-Pesa. Haitaki bando wala simu janja. Unachagua namba tu. Lakini ukichelewa kujibu inakatika, na mtandao lazima uwepo saa ileile. Mwenye huduma naye lazima apatane na kampuni za simu.

3. Programu ya simu janja. Inaonyesha picha na kutoa sauti. Ikitengenezwa vizuri, hutunza hesabu hata mtandao ukikosekana. Lakini programu ya Android haifanyi kazi kwenye iPhone. Inataka bando, na simu janja huisha chaji upesi.

4. Ukurasa wa intaneti. Hufunguka kwenye Android na iPhone pia. Kwa kawaida, bila intaneti haufunguki.

Tujifunze kwa M-Pesa. Ilipoanza Kenya mwaka 2007, menyu iliwekwa ndani ya laini ya simu. Ilipoanza Tanzania mwaka 2008, ilitumia nyota na reli. Njia mbili, kazi moja. Kote kuwili walianza na simu ndogo zilizokuwa mikononi mwa watu. Programu za simu janja zilifuata baadaye.

Sasa turudi Uchindile. Kikundi kikinunua programu, watu 22 watabaki nje. Akiba ni yao, lakini ili kuiona itabidi waazime simu ya jirani, na pengine wamtajie namba ya siri. Hapo ndipo wizi huanzia. Basi, kianze na meseji: kila anayeweka akiba apokee ujumbe wa kiasi alichoweka. Daftari nalo liendelee kuandikwa.

Kabla ya kulipa, tufanye haya:
1. Tuhesabu simu za wanachama, kitochi ngapi na janja ngapi.
2. Tuulize gharama ya kila mwezi, na nani atatengeneza huduma ikiharibika.
3. Watu watano wajaribu kwanza, akiwemo mzee anayesoma polepole.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kikundi chenu, nani ataachwa nje mkichagua programu ya simu janja?
2. Kwa nini daftari lisitupwe hata kama meseji zinafika?